Mto ni wa Nani? Ugomvi wa Wavuvi wa Mshipi na Wapiga Kafi Nchini Uingereza

Kila majira ya joto yanapofika Uingereza, ugomvi uleule huibuka upya kwenye kingo za mito. Mtu aliyenunua kayaki, au ule ubao mpana ambao mtu husimama juu yake na kupiga kafi, hushusha chombo chake majini akidhani kwamba maji yanayotiririka hayana mwenyewe. Baada ya kilomita moja au mbili hukutana na mvuvi aliyesimama majini hadi mapajani, mshipi wake umekatiza mto, naye humwambia kwamba ameingia kwenye mali ya watu. Mpiga kafi hujibu kwamba mto ni wa umma, mvuvi naye husema kwamba amelipia. Wote wawili huondoka wakiamini kwamba sheria iko upande wao, na kwa hakika kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, swali lenyewe huonekana geni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 62, inaihesabu mito na maziwa kuwa ardhi ya umma. Huko Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatamka kwamba maji yote ni ya umma na yamewekwa mikononi mwa Rais akiwa mdhamini wa wananchi. Aliyekulia katika fikra hiyo, akahamia Leeds au Cardiff na kununua kayaki, hana sababu ya kushuku kwamba mto unaopita nyuma ya nyumba yake una wenyewe. Wala si wageni pekee wanaochanganyikiwa, kwa maana Waingereza wenyewe wamebishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya nusu karne, mahakamani na nje ya mahakama.

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya maneno. Mvuvi wa mshipi katika makala haya ni mtu anayevua kwa fimbo, mshipi na ndoano kwa ajili ya burudani, ambaye mara nyingi humrudisha samaki majini akiwa hai. Tusimchanganye na mvuvi wa nyavu anayetafuta riziki. Mpiga kafi ni yeyote anayesafiri kwa chombo chepesi kisicho na injini: mtumbwi, kayaki au ubao. Na ninaposema Uingereza nina maana ya dola nzima, ambayo ndani yake Scotland ina sheria zake za ardhi, ilhali England na Wales kwa sehemu kubwa zinatumia sheria moja. Tofauti hiyo ya Scotland itakuwa na uzito mkubwa huko mbele.

Mali nne katika mto mmoja

Kosa la kwanza ni kuuona mto kama kitu kimoja. Kwa sheria ya England na Wales, mto ni mali kadhaa zilizolaliana. Maji yenyewe, kwa kuwa yanatembea, hayana mwenyewe: asubuhi yako kwako, jioni yako kwa jirani. Sakafu ya mto, kwa upande mwingine, ni ardhi kama ardhi yoyote, na pale ambapo hati hazisemi vinginevyo, mwenye shamba la ukingoni huimiliki hadi katikati ya mto, na jirani wa ng'ambo humiliki nusu iliyobaki. Haki ya kuvua ni mali ya tatu, inayoweza kutenganishwa na ardhi, ikauzwa, ikakodishwa au ikarithiwa peke yake. Ya nne ni haki ya kupita na chombo, nayo ndiyo inayogombaniwa.

Watu wa pwani yetu hawatashangazwa na mali kugawanyika namna hii. Unguja na Pemba, kama ilivyo katika sehemu nyingi za mwambao, mtu aweza kuwa na minazi au mikarafuu katika ardhi isiyo yake, na akaiweka rehani miti hiyo bila kuigusa ardhi iliyoibeba. Haki ya kuvua ya Kiingereza inafanana sana na minazi hiyo. Chama cha wavuvi katika mji mdogo hukodi haki ya kuvua kwenye kipande cha mto kutoka kwa mwenye shamba, wanachama huchanga ada kila mwaka, na kipande kile huwa chao kwa shughuli ya kuvua tu. Sasa mtu anapokatiza chini ya minazi bila kuangua dafu wala kuvunja kuti, je, amemkosea mwenye minazi, amemkosea mwenye ardhi, au hakumkosea yeyote?

Mahakama ya Rufaa ya England ilijibu swali la aina hiyo mwaka 1972, katika kesi ya Rawson dhidi ya Peters iliyohusu mto Wharfe huko Yorkshire. Iliamua kwamba kupita kwa mitumbwi kunaweza kuwa bughudha kwa mwenye haki ya kuvua hata kama wakati huo hapakuwa na mtu aliyekuwa akivua. Hukumu hiyo ndiyo inayompa mvuvi ujasiri wa kusema anayoyasema pale ukingoni, na mpiga kafi anayeicheka hasira ya mvuvi kwa kawaida hajawahi kuisikia.

Pasipo na ubishi

Ipo mito, au sehemu za mito, ambamo haki ya kupita haina shaka. Sehemu zote zinazofikwa na maji kujaa na kupwa ziko wazi kwa vyombo vya umma tangu zama za kale. Mto Thames uko wazi kuanzia Cricklade kuteremka. Mto Wye, unaotoka milima ya Wales na kuingia England, uko wazi kuanzia daraja la mji wa Hay kwenda chini. Mifereji iliyochimbwa kwa ajili ya mashua za mizigo nayo hutumika, ila kwa leseni, ambayo wanachama wa chama cha taifa cha wapiga kafi huipata ndani ya ada yao ya uanachama. Kwa hiyo ile kauli ya baadhi ya wavuvi kwamba wapiga kafi hawalipi chochote popote haina msingi.

Tatizo liko kwenye mito mingine yote. Chama cha wapiga kafi, kinachojulikana sasa kama Paddle UK, hudai kwamba ni takriban asilimia 4 tu ya urefu wa mito ya England yenye haki ya kupita isiyopingwa. Upande wa pili, Angling Trust, chombo kinachowaunganisha wavuvi wa mshipi tangu mwaka 2009, hushikilia kwamba sheria iko wazi: pasipo na haki iliyothibitishwa, ruhusa ya mwenyewe inahitajika. Tazama vizuri kauli hizo mbili na utaona kwamba hazipingani sana kuhusu hali ilivyo. Zinapingana kuhusu iwapo hali hiyo ni ya haki, na kuhusu nani anapaswa kubeba mzigo wa kuthibitisha.

Wapiga kafi wana hoja ya historia, na haipaswi kubezwa. Hati ya Magna Carta ya mwaka 1215, katika kifungu chake cha 33, iliamuru nyando za kunasia samaki, yaani zile nyua zinazokatiza mto, ziondolewe katika mito ya Thames na Medway na katika England nzima isipokuwa pwani. Mtafiti Douglas Caffyn, katika utafiti wake wa chuo kikuu wa mwaka 2004, alitumia kifungu hicho pamoja na sheria nyingine za kale kujenga hoja kwamba umma ulikuwa na haki ya kupita katika kila mto unaopitika na kwamba haki hiyo haikuwahi kufutwa kisheria. Wapinzani wake hujibu kwamba amri ya kuondoa vizuizi ilihusu mito iliyokuwa tayari ni njia za vyombo. Mimi naiona hoja ya Caffyn kuwa nzito kama historia, lakini mtu anayeitegemea peke yake anapaswa kujua kwamba bado haijawahi kushinda katika mahakama ya juu.

Derwent na Spey

Hukumu mbili zinaeleza mengi kuliko kelele zote za ukingoni, na inafaa kuzisoma pamoja.

Ya kwanza kwa wakati inahusu mto Spey huko Scotland, mto maarufu kwa samaki aina ya salmoni. Shule moja ya mitumbwi ilikuwa ikiwateremsha wanafunzi wake mtoni, na wadhamini wa mali ya familia ya Wills, waliokuwa na haki ya kuvua salmoni katika eneo la Knockando, wakaishtaki. Kesi ilipanda hadi House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo. Mwaka 1976 majaji waliamua kwamba umma una haki ya kupita. Ushahidi uliowashawishi ulitoka kwa wakata miti wa zamani, ambao kwa vizazi walikuwa wakifunga magogo pamoja na kuyateremsha Spey kutoka misituni hadi baharini. Ikiwa mto uliwahi kuwa njia ya magogo, walisema majaji, basi ulikuwa njia ya umma, na haki ya namna hiyo haipotei kwa sababu tu biashara ya magogo imekwisha.

Ya pili inahusu mto Derwent wa Yorkshire, na humo mambo yalikwenda kinyume. Katika sheria ya England, watu wakiitumia njia ya miguu kupita katika shamba la mtu kwa miaka 20 mfululizo, waziwazi na bila kuomba ruhusa, njia hiyo huhesabiwa kuwa ya umma. Kila mwanakijiji anaielewa kanuni ya aina hii, maana hata kwetu njia ya kwenda kisimani iliyokanyagwa na vizazi viwili huwa vigumu kuifunga. Wadai wa Derwent walisema kwamba mto ni ardhi iliyofunikwa na maji, hivyo miaka 20 ya kupita na mashua inapaswa kuzaa haki ileile. Mwaka 1991 House of Lords ilikataa. Mto si njia juu ya ardhi kwa maana ya sheria ile, walisema majaji, na anayedai haki ya kupita lazima aithibitishe kwa sheria ya Bunge, kwa hati ya mmiliki, au kwa matumizi ya tangu enzi zisizokumbukwa na mtu.

Matokeo yake ni mazito kuliko yanavyoonekana. Kijana anayeutembea ukingo wa mto kila siku kwa miaka 20 anaweza kuwaachia watoto wake haki ya kupita. Mwenzake anayeuteremka mto huohuo kwa kayaki kwa miaka 20 hawaachii kitu. Hapo ndipo mimi ninapoona kasoro ya kweli, na si mvuvi aliyeisababisha.

Bunge lilikuwa na nafasi ya kuirekebisha. Sheria ya Mashambani na Haki za Njia ya mwaka 2000 ilifungua milima, nyika na ardhi za pamoja za England na Wales kwa waenda kwa miguu, lakini ikaiacha mito nje. Bunge la Scotland, miaka mitatu baadaye, lilichukua njia tofauti kabisa: Sheria ya Mageuzi ya Ardhi ya mwaka 2003 ilimpa kila mtu haki ya kupita katika sehemu kubwa ya ardhi na maji ya ndani, kwa sharti kwamba apite kwa kuwajibika. Mwongozo unaoambatana nayo unamtaka mpiga kafi akae mbali na mshipi wa mvuvi na asivuruge shughuli yake. Ugomvi haukufutika kabisa huko, ila umebadilika sura. Watu hawaulizani tena kama una haki ya kuwapo, wanaulizana umepitaje.

Yanayoaminiwa pande zote mbili

Wapo wanaoamini kwamba anayepita mtoni bila ruhusa anaweza kukamatwa na polisi. Nchini Tanzania tunalo kosa la kuingia kwa jinai, kwa hiyo ni rahisi kulidhania hilo. Huko England na Wales, kupita tu juu ya mali ya mtu bila kuharibu kitu ni jambo la madai: mwenye mali anaweza kudai fidia au kuomba zuio la mahakama, lakini si kazi ya polisi. Kibao kinachosema kwamba wavamizi watafunguliwa mashtaka ya jinai kwa kawaida hutisha zaidi ya sheria iliyopo nyuma yake.

Kuna hata hivyo jambo moja la jinai ambalo wapiga kafi hulisahau. Sheria ya Salmoni na Samaki wa Maji Baridi ya mwaka 1975 inakataza kuwasumbua kwa makusudi samaki wanaozaa, au kuvuruga sehemu yenye mayai yao. Salmoni hutaga kwenye changarawe majira ya baridi, na mto ukiwa na maji machache, chombo kinachoburuzwa juu ya changarawe hiyo, au miguu ya mtu anayeshuka kukivuta, inaweza kuharibu uzazi wa mwaka mzima katika sehemu ile. Anayejiita mpenda mto hana udhuru wa kutolijua hili.

Wavuvi nao wana imani yao iliyoenea, kwamba leseni ya fimbo huwapa haki juu ya mto. Haiwapi. Kila mvuvi wa mshipi wa miaka 13 na kuendelea katika England na Wales anatakiwa kuwa nayo, na fedha zake husaidia kutunza samaki, lakini ni kama leseni ya udereva: inakuruhusu kuendesha gari, haikuruhusu kuliegesha uani kwa mtu. Ruhusa ya kuvua mahali fulani hutoka kwa mwenye haki ya kuvua, na kwa kawaida hulipiwa kando.

Je, mitumbwi inapunguza samaki? Swali hili limejadiliwa kwa hasira nyingi. Mwaka 2000 Wakala wa Mazingira wa England na Wales ulitoa ripoti juu yake, na haikupata ushahidi kwamba kupiga kafi kunadhuru wingi wa samaki. Lakini wingi wa samaki ni jambo moja, na siku ya mvuvi ni jambo jingine. Mtu aliyelipia siku moja ya kuvua salmoni, akasubiri dakika arobaini huku samaki wakitulia kwenye kilindi, kisha kundi la kayaki kumi na mbili likapita katikati kwa vifijo, amepoteza kitu cha kweli hata kama hakuna samaki aliyekufa. Ripoti haimfuti machozi. Wapiga kafi wanapomjibu kwa takwimu tu, huwa wanajibu swali ambalo hakuliuliza.

Mapatano na mipaka yake

Kwa kuwa Bunge limenyamaza, mito mingi huendeshwa kwa mapatano ya hiari. Katika mto Dart huko Devon, kwa mfano, mapatano ya miaka mingi yamewapa wapiga kafi miezi ya baridi. Kwingine huangaliwa kina cha maji: mvua ikinyesha na maji yakapanda kufikia alama fulani iliyowekwa darajani, mitumbwi hupita, na yakishuka chini yake hukaa nje. Kuna busara ndani yake, kwa sababu wapiga kafi wa maji ya kasi hupenda mto uliojaa na kuchafuka, hali ambayo mvuvi hafurahii kuvua ndani yake. Saa nzuri ya mvuvi huanza maji yanapoanza kupungua na kung'aa.

Udhaifu wa mapatano ni kwamba mto una wenyewe wengi. Kilomita kumi zinaweza kuwa na wamiliki kumi na watano kila upande, na mmoja akikataa mnyororo umekatika. Tena chama kinachosaini hakiwezi kumfunga mtu aliyenunua ubao dukani jana na ambaye si mwanachama wa chochote. Wapiga kafi wengi pia husita kusaini, wakihofu kwamba kuomba ruhusa ni kukiri kuwa hawana haki. Ndiyo maana sioni kwamba mapatano peke yake yatamaliza jambo hili, ingawa pale yanapofanya kazi yanastahili kuheshimiwa. Mwaka 2023 Chama cha Labour, kikiwa bado upinzani, kiliahidi sheria ya haki ya kupita katika maeneo ya wazi inayofanana na ya Scotland, na kabla ya mwaka kwisha kikairudisha nyuma ahadi hiyo. Serikali ya Wales nayo imeitisha maoni ya umma zaidi ya mara moja bila kuleta haki mpya ya kupita mitoni.

Anayetaka kushuka mtoni leo England au Wales, basi, afanye kazi kidogo kabla ya kufunga kayaki juu ya gari: aulize klabu ya wapiga kafi ya eneo lile kama kipande anachokitaka kina haki ya wazi, mapatano au ubishi, ajue mahali halali pa kuingilia na kutokea, kwa maana hata penye haki ya kupita majini hakuna haki ya kukatiza shamba la mtu kuyafikia maji, na akimwona mvuvi apunguze mwendo, asubiri ishara, apite nyuma yake au ng'ambo ya mshipi kwa ukimya. Mvuvi akiinua fimbo kidogo kumpisha, jambo huisha kwa sekunde chache.

Kipande cha Wye kilicho chini ya daraja la Hay kinaonyesha vizuri kinachobaki baada ya swali la haki kwisha. Mitumbwi hupita huko kihalali, kwa wingi, na wavuvi wapo. Samaki, hata hivyo, wamepungua, na mwaka 2023 shirika la serikali la uhifadhi wa mazingira England liliishusha hadhi hali ya mto huo kuwa mbaya na inayozidi kuharibika. Fosforasi kutoka mashambani, sehemu kubwa ikitokana na samadi ya mabanda makubwa ya kuku ya bonde lile, huulisha mwani mdogo wa kijani unaoyageuza maji kuwa kama mchuzi wa mlenda wakati wa joto, na mimea ya majini iliyokuwa makao ya samaki wachanga imetoweka katika sehemu nyingi. Watu wa kujitolea wa bonde hilo, wavuvi wakiwa miongoni mwao, huteremka ukingoni na chupa ndogo kupima maji yale, ambayo mpiga kafi naye huyameza kila kayaki yake inapopinduka.